Jogoo Mkubwa Ndiye Tunayemuuza

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita jirani yangu aliuza jogoo wake mwekundu. Nilifika wakati mnunuzi anamfunga miguu kwa kamba ya katani amning'inize kwenye pikipiki, nikasimama pale mlangoni nisijue la kusema. Alikuwa kuchi, kuku wa kienyeji wa mbegu kubwa, mwenye miezi 20. Miguu mirefu minene, shingo imesimama, upanga mdogo umelala kichwani, kifua kipana. Jirani alimleta kutoka Nzega akiwa kifaranga, kwenye boksi la viatu lililotobolewa matundu. Wangu mimi asili yao Kahama. Tulishakubaliana zamani kwamba matetea wangu wakikomaa, jogoo yule aje kwangu mwezi mzima, maana jogoo niliye naye ndiye baba yao na sitaki awapande watoto wake.

"Mwanangu, mjukuu anafungua shule," mzee aliniambia. "Na jogoo mkubwa ndiye mwenye hela."

Siwezi kumlaumu kwa ada ya mtoto. Lakini bandani kabaki pora, jogoo mchanga, mmoja mwembamba, ambaye mnunuzi alimnyanyua, akamsikilizia uzito, akamrudisha chini. Huyo ndiye atakayekuwa baba wa kila kifaranga kwenye ua ule.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Tangu utoto wangu nimeona hivyo hivyo. Mgeni akija, anakamatwa aliyenona. Mchuuzi wa matenga akipita, anachagua wazito. Idi au Krismasi ikifika, jogoo wa kwanza kuchinjwa ndiye aliyekuwa anatamba uani. Anayesalia ni yule aliyekataliwa na kila mtu, na huyo aliyekataliwa ndiye tunayemwachia matetea. Tunafanya hivyo mwaka hadi mwaka, halafu tunakaa barazani tunasema kuku wa kienyeji ni wadogo, hawana nyama. Tumewafanya wadogo sisi wenyewe, kwa mikono yetu, kila tulipompa mnunuzi achague kwanza!

Hebu hesabu. Jogoo mmoja anatosha matetea 10. Tetea akiangua mara 3 kwa mwaka na kukuza vifaranga 8 kila mara, hao ni kuku 240, na wote wamebeba damu ya jogoo mmoja. Tetea dhaifu anaharibu uzao wake tu. Jogoo dhaifu anaharibu banda zima. Kwa hiyo unapouza jogoo wako bora umeuza pia ukubwa wa kuku utakaowauza mwaka kesho na mwaka wa kesho kutwa, na bei uliyopewa ni ya kitoweo cha siku moja.

Mimi nawapima wote wakifika miezi 4, kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, naandika kwenye daftari la shule. Mapora wawili walio wazito na wenye miguu iliyonyooka hawauzwi, hata aje nani na pesa kiasi gani. Wengine wote waende sokoni. Mnunuzi anapata kuku mzuri, ila anapata wa tatu, wa nne. Kwa matetea siangalii uzito peke yake. Nina tetea mmoja mweusi, si mkubwa hata kidogo, lakini mvua zilizopita aliangua 10 akakuza 9, na mwewe walikuwa wanazunguka kila asubuhi. Mayai yake nayaweka ncha iliyochongoka chini, mahali pa ubaridi, hayapiti siku 7 kabla ya kuatamiwa. Huyo ananifaa kuliko tetea mwenye kifua kikubwa anayewaacha watoto walowe.

Najua mtaniambia kuhusu machotara. Sawa. Sasso kutoka Ufaransa na Kuroiler kutoka India wanakua upesi, wanataga kuliko kuchi, hilo ni kweli na nimeliona kwa macho. Kuchi akishataga mayai yake 12 hivi anataka kuatamia, basi, mayai yameisha. Lakini huko kuatamia ndiko kunakonifanya nisiwe mteja wa mtu. Mwenye chotara akimaliza kuku wake anarudi kwa muuza vifaranga akiwa na pesa mkononi, na siku asipokuwa nazo banda linabaki tupu. Mimi nikiwa na jogoo mzuri na tetea mweusi, nina banda.

Kuhusu mdondo, chanjeni. Tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, kila miezi 3. Kuchi asiyechanjwa anakufa kama kuku mwingine yeyote.

Na msimwingize jogoo mgeni bandani ghafla. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa kuchi usemi huo ni wa kufuata neno kwa neno, maana wawili wakikutana watapigana hadi mmoja apofuke. Wapo wanaowafuga kwa ajili ya vita hivyo. Sikubaliani nao.

Jioni ile ya Jumamosi nilirudi kwa mzee. Tetea akishapandwa huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa muda, hata wiki moja au zaidi baada ya jogoo kuondoka, mradi jogoo mwingine asimpande. Nikamwomba amfungie yule pora kwenye banda la mbuzi, na mayai ya matetea wake wa kuchi ya siku zile aniuzie mimi, kwa bei ya juu kuliko ya dukani. Alinitazama kwa muda, kisha akaenda mwenyewe kumkamata pora.

Nilipata mayai 11. Tetea mweusi ameyalalia tangu Jumapili iliyofuata. Usiku wa siku ya 7 niliyamulika kwa tochi, moja moja, mke wangu akiwa amemfunika tetea kwa kanga asihangaike. 3 yalikuwa meupe, hayana kitu ndani. Kwenye 8 niliona mishipa myekundu imetawanyika, na katikati kidoa cheusi kinachocheza.

Leo ni siku ya 12. Mzee amekuja asubuhi kuuliza wanaendeleaje. Nimemwambia majogoo wakitoka wawili, mmoja ni wake, kwa sharti moja tu analolijua.