Papai la mkemia, daftari la mapadre

Anayetaka kuthibitisha kwamba dini huzuia sayansi hukutajia Tanzania ya 2020: siku 3 za maombi ya kitaifa mwezi Aprili, nyumba za ibada wazi, na rais akisema kanisani Dodoma kwamba corona haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Hoja hiyo ina uzito. Wapo walioacha barakoa kwa kuamini kwamba nchi imeshaombewa.

Ila John Magufuli hakuwa mchungaji. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia. Alipotaka kuwatia doa wataalamu wa maabara, Mei 2020, hakufungua Biblia. Alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kupimwa kwa majina ya watu, majibu yakarudi yakionyesha corona. Takwimu za taifa zikakoma mwezi huohuo: wagonjwa 509, vifo 21.

Na nani alivunja ukimya? Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) liliwaonya waumini kwamba ugonjwa umerudi na wajikinge. Machi, katibu mkuu wake, Padre Charles Kitima, akataja hesabu: ndani ya miezi 2 hivi, mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki.

Utasema kufa kwa "changamoto ya kupumua" (ndivyo tulivyokuwa tukisema) si kipimo cha Uviko. Sawa. Lakini angalia hesabu ile ilivyopatikana. Mwananchi wa kawaida akifa kijijini huzikwa, na cheti cha kifo kinaweza kusubiri hadi siku ya kugombea mirathi. Padre hafi kimya hivyo. Parokia inabaki bila wa kuadhimisha misa, na askofu lazima atafute wa kumpeleka. Sista akifa, shirika lake linatangaza na misa ya wafu inasomwa. Serikali ilikuwa imefunga daftari lake. La Kanisa lilibaki wazi kwa sababu za kiutawala tu, hata bila ushujaa wowote. Tena Hospitali ya Bugando kule Mwanza ni mali ya TEC, kwa hiyo habari za wodini maaskofu hawakuzisubiri kwenye magazeti.

Hapo nitakumbushwa Askofu Josephat Gwajima. Kweli, Julai 2021, mwezi uleule Rais Samia alipochanjwa hadharani, yeye alikuwa madhabahuni akiipinga chanjo, na watu walimsikiliza. Sitamtetea. Lakini alikuwa pia mbunge wa Kawe, na swali lake kuhusu madhara ya baadaye halikuhitaji imani yoyote. Liliulizwa vilevile Sachsen, Ujerumani, ambako wengi hawana dini kabisa, na jimbo hilo ndilo lililoburuta mkia nchini mwao kwa kuchanja.