Baa Yetu Imepakwa Rangi, Mizani Imeondolewa

Baa iliyo jirani na nyumbani kwangu, hapa Pasua mjini Moshi, ilifungwa kwa miezi minne ili ikarabatiwe, na kwa muda wote huo sisi wateja wake wa kudumu tulitawanyika katika grosari za mitaa ya karibu, kila mmoja akinung'unika kwamba bia ya kule haipoi na viti vya plastiki vimepinda miguu. Ilipofunguliwa tena nilikwenda siku ya Jumamosi alasiri pamoja na shemeji yangu, ambaye ni mwalimu na ambaye, tofauti na mimi, hakuwahi kuipenda baa ile ilivyokuwa zamani.

Sababu yake ya kutoipenda ilikuwa choo, na kwa hilo alikuwa na haki. Choo cha awali kilikuwa nyuma ya jengo, ukivuka uwanja ambao wakati wa masika uligeuka tope, na mlango wake wa bati ulishikiliwa kwa mkono na yule aliyekuwa ndani. Sasa vyoo vya wanawake na vya wanaume vimetenganishwa, maji yanatoka bombani, sabuni ipo na taa inawaka. Matokeo yake niliyaona mara moja: katika meza mbili zilizounganishwa walikaa akina mama waliotoka kwenye kikao chao cha kikoba, wakila kuku na ndizi za kukaanga bila haraka yoyote. Katika miaka yote niliyokwenda pale sikumbuki kuwaona wanawake wakikaa zaidi ya saa moja, na sisi wanaume tulijidanganya kwamba hawapendi baa. Fedha iliyotumika kwenye vyoo hivyo ndiyo iliyotumika vizuri kuliko nyingine zote.

Kaunta mpya ina vigae na majokofu yake yanafanya kazi. Bia ni zile zile, Kilimanjaro, Safari na Serengeti, hii ya mwisho ikiwa na kiwanda chake hapa hapa Moshi. Mhudumu bado anauliza kama unataka ya baridi au ya moto, swali linalowashangaza wageni, ingawa mtu aliyewahi kukaa Moshi mwezi Julai, mawingu yakiwa yameufunika mlima na ubaridi ukiteremka hadi mjini, anajua ni kwa nini wazee wengi huagiza ya moto bila aibu. Baraza ya upande wa kaskazini, ambayo zamani ilikuwa wazi, imezungushiwa vioo vya fremu za alumini. Ni hatua nzuri dhidi ya upepo, isipokuwa kwamba runinga kubwa imetundikwa ukuta wa pili, kwa hiyo jioni Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, inapojitokeza mawinguni, ukiitazama kupitia kioo unawaona pia wachezaji wa ligi ya Uingereza wakikimbia juu ya theluji.

Jikoni kuna mpishi mpya, na mtori wake unastahili sifa. Ndizi zimepondwa kwa mwiko, si kusagwa kwa mashine, na tofauti hiyo huonekana kijiko kinapoingia bakulini, kwa sababu ndizi mbichi zikisagwa kupita kiasi hunata kama gundi. Supu ya nyama ilikuwa na ladha ya mfupa uliochemka muda mrefu. Shemeji aliongeza bakuli la pili, jambo ambalo sijawahi kuliona akilifanya nyumbani kwangu.

Kisha tukataka nyama choma. Niliinuka kwa mazoea kwenda kwenye dirisha la bucha lililokuwa kando ya jiko la mkaa, nikakuta ukuta. Dirisha limezibwa, likapakwa rangi ya maziwa na kuwekewa picha ya twiga. Mchoma nyama, ambaye namshukuru Mungu hakukarabatiwa, aliniona nimesimama pale akacheka.

"Shikamoo, meku. Siku hizi hatupimi, ni sahani tu. Ya mbuzi shilingi elfu kumi na tano."

"Marahaba. Na mizani iko wapi?"

"Ipo stoo."

Huenda msomaji akaona nalia kwa jambo dogo, lakini kwangu mimi lile dirisha ndilo lililokuwa baa yenyewe. Ulikwenda, ukamwona mbuzi akining'inia kwenye kulabu, ukaonyesha kwa kidole kwamba unataka mbavu na si shingo, nyama ikawekwa kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, nawe ukasoma mshale kwa macho yako kabla haijaenda motoni. Upimaji huo wa nyama mbichi una maana yake, kwa kuwa nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta na kupungua uzito kwa robo au hata zaidi, na asiyeiona ikiwa mbichi hawezi kujua kama kilichopungua kilichukuliwa na moto au na mtu. Babu yangu kule Kibosho hakuwahi kumkabidhi mgeni kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kabla hajaonja yeye mwenyewe mbele yake. Hakuna aliyemshuku kwamba ataweka sumu, lakini alionja kila mara, na mgeni alisubiri kila mara.

Mwenye baa, ambaye alikuja mezani kutusalimia, alijieleza kwa upole. Alisema wateja wa sasa hawana subira ya kungoja dakika hamsini, kwamba sahani zinamwezesha kuchoma mapema, na kwamba wageni wanaopita mjini kwa ajili ya kupanda mlima huona haya kuchagua nyama dirishani. Hoja ya haraka naielewa. Hata hivyo nyama tuliyoletewa ilikuwa imechomwa mapema kweli, ikapashwa moto, na mbavu zake zilikuwa kavu kiasi kwamba kachumbari na ndimu havikuweza kuziokoa. Kwa jicho langu haikufika nusu kilo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba nimebaki na jicho tu. Nilimwomba airudishe mizani hata kama dirisha litabaki limezibwa, aiweke juu ya kaunta mpya karibu na majokofu, na sahani ziendelee kwa wanaozitaka. Alisema atafikiri. Shemeji alimwambia vyoo ni vizuri sana.

Jumapili asubuhi nitarudi kwa ajili ya mtori. Nyama nitainunua buchani, nichome mwenyewe uani kwangu, na yule mchoma nyama nimeshamwalika siku yake ya mapumziko.