Afande wa Mchele

Elfu kumi na tano, shilingi za Uganda, kuosha gari! Wiki mbili nyuma ilikuwa elfu kumi. Ubao ni ule ule, chaki ni ile ile, ila tarakimu moja imefutwa kwa kiganja ikaandikwa nyingine, na vidole vya mfutaji bado vinaonekana. Nikauliza kwa adabu, kwa Kiganda changu cha kuokoteza, imekuwaje. Kijana wa gambuti akanijibu huku anakamua tambara: "Boss, mvua." Sawa. Lakini Februari nilipouliza aliniambia, "Boss, jua." Mvua ikinyesha matope ni mengi, jua likiwaka maji hakuna. Wenzangu mnaoijua Kampala nitajieni mwezi usio na mvua wala jua, nami nitapeleka gari mwezi huo.

Na msiniulize kwa nini sioshi nyumbani. Bomba linakohoa tangu Alhamisi. Jerikeni nne zilizobaki mama watoto amezipangia kazi, akaziwekea na mlinzi, ambaye ni mama yake mzazi. Mimi na mkwe wangu tunaheshimiana sana, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ni mimi kutogusa jerikeni.

Zamani nilikuwa nikipeleka gari woshingi bei, yaani pa kuoshea magari, kule bondeni. Elfu saba, na maji hayaishi, kwa sababu yalikuwa ya kinamasi: yanavutwa kwa pampu yakiwa safi kiasi, yanarudi pale pale yakiwa na oili. Ikaondolewa. Siwezi kulaumu, kanuni za ardhi oevu zipo tangu mwaka 2000, ukingo wa ziwa kama Victoria unalindwa mita 200 kutoka majini, na sato ninayemla Ijumaa (wenzetu humwita ngege) anatoka humo humo. Naelewa kabisa. Ila mfuko wangu haujaelewa.

Basi, kabla ya maji kuna kikao. Ubao una "gari dogo" na "gari kubwa", na Ipsum yangu, Mungu ailinde, ina viti saba. Kijana akaizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe wa Idi. Akaita mwenzake. Mwenzake akafungua mlango wa nyuma, akahesabu viti kwa kidole, moja, mbili, mpaka saba, kisha akatoa hukumu: "Hii si ndogo. Hii ya familia. Elfu ishirini."

Nikamweleza kwa upole kwamba viti viwili vya nyuma havijakaliwa na binadamu tangu nilinunue. Kimoja kimevunjika mgongo, kingine kina gunia. Akasema kiti ni kiti. Nikasema tope liko nje, viti viko ndani, kiti kinaingiaje kwenye hesabu? Akasema, "Ssebo, kiti ni kiti."

Hapo ustaarabu ukanitoka. "We kijana, hebu simama hapa unieleze! Unaosha gari au unafanya sensa?" Kwa Kiswahili. Cha Tanga. Kwa sauti ya baba.

Pakawa kimya. Pampu ya presha ikazimwa. Mama wa chapati akashusha moto. Naam, Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini nyinyi mnajua hapa wengi wanavyokihusisha na jeshi: Kiswahili cha kuuliza njia ni lugha, Kiswahili cha hasira kimevaa magwanda.

"Afande," kijana akasema, amesimama wima, tambara limeteremka ubavuni. "Hapana kasirika. Gari ya afande naosha muzuri kabisa. Elfu kumi. Ndani na inje."

Ningepaswa kusema ukweli pale pale. Nauza mchele Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, mchele wa Kahama, Tanzania, gunia na kilo. Silaha pekee niliyowahi kushika ni bambo, kile chuma cha kutobolea gunia uone mchele wa katikati kama unafanana na wa juu. Lakini elfu kumi ni elfu kumi. Sikusema mimi ni afande. Nilikohoa tu, nikaweka mikono nyuma, nikatazama mbali kama mtu mwenye mambo ya taifa kichwani.

Walimwosha yule mzee, Ipsum yangu, jamani! Vijana watatu. Povu mpaka kwenye matundu ya boliti. Mmoja akalala chini kwenye maji kusugua chasisi, ambayo haijaguswa hata na fundi. Mwingine akatoa mazulia akayachapa kama yamemkosea. Mimi nimepewa kiti cha plastiki kilichofutwa mara mbili, na soda ambayo sikuagiza, nimekaa upande wa pili wa upepo kwa sababu jirani wanachoma ile nyama ambayo mimi na dini yangu hatujuani.

Mara kijana wa tatu akainuka kutoka chini ya kiti cha dereva. Amebeba bambo langu. Amelilaza juu ya viganja viwili, juu ya tambara safi, kama anayekabidhi mtoto wa kupewa jina. "Afande, hii niweke wapi?"

Likimulikwa na jua lile, na ncha yake, na ule mfereji katikati, kwa kweli hata mimi niliogopa. Nikasema, "Irudishe ilipokuwa. Usiiguse ncha." Akarudi nalo kinyumenyume.

Katikati ya utukufu huo shemeji yangu aliyeko Ujerumani akapiga simu ya video. Nikamwonyesha povu. Badala ya kunisifu akanong'ona, "Shemeji, unaosha gari Jumapili?" Ananong'ona, na yuko chumbani kwake! Eti kule Jumapili ni siku ya utulivu kwa sheria, mashine nyingi za kuoshea magari hufungwa, mikoa mingine huruhusu mchana tu. Na huchukui ndoo ukaosha barabarani, maana sabuni na oili zitazama mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi. Nikamwuliza, sasa mnaosha lini? Akasema Jumamosi, kwa foleni. Sasa huyo naye amehama nchi kukimbia foleni.

Dubai ni kinyume chake: ukiacha gari chafu kwenye maegesho ya umma, faini dirhamu 500. Binamu yangu huko analifuta gari lake kila asubuhi kuliko anavyopiga mswaki. Uingereza ukiwa ukame wakapiga marufuku mipira ya maji, ukashikwa unaoshea gari kwa mpira faini inafika pauni 1,000, lakini ndoo na sponji ruksa, yaani kosa si maji, kosa ni raha. Cape Town mwaka 2018 walipewa lita 50 kwa mtu kwa siku, kunywa, kuoga na choo humo humo, na maji ya bomba kuoshea gari marufuku. Lita 50 ni jerikeni mbili na nusu. Mkwe wangu angekuwa gavana kule.

Nilikuwa bado nawaza hayo, soda mkononi, ndipo ikaingia pikapu ya kijani yenye tope mpaka kwenye vioo. Akashuka mtu mwenye shingo. Kijana wangu, kwa furaha ya kuunganisha ndugu, akamkimbilia. "Afande, na hapa iko afande mwenzako!"

Akaja. Akanipa mkono. Mkono wangu ukapotea ndani ya wake. "Karibu, afande. Wewe iko yuniti gani?"

Nilitafuta jibu kwenye soda. Halikuwemo. "Mimi," nikasema, "niko... mchele."

"Mchele?"

"Kikuubo. Jumla na rejareja."

Alinitazama muda ambao mchele ungeiva. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza bei ya gunia, akapunguza mwenyewe, na Jumanne ananitumia mtu kuchukua mawili kwa bei ambayo haitoshi hata nauli kutoka Kahama. Ungejibu nini? Mimi niliitikia "ndiyo afande" kwa sauti nzuri kuliko askari yeyote.

Kijana wa gambuti alikuwa amesikia yote. Akaenda kwenye ubao, akarudi. "Boss." Nikajua cheo kimekwisha. "Elfu ishirini. Na kuosha chini ya gari, elfu tano. Na soda."

Nikalipa! Nilipe nisilipe, funguo anazo yeye. Sarafu zangu za kwenye kisanduku cha majivu hazikuwepo pia, lakini kuna maandishi mlangoni kwamba vitu vya ndani ya gari ni juu ya mwenye gari, na mimi huheshimu maandishi.

Nikatoka linang'aa. Matairi meusi kama mapya, mpaka nikaona haya kulipitisha njia ile. Nikaenda pole, nikakwepa shimo la kwanza, nikakwepa la pili, la tatu nikaliomba radhi. Lori la mchanga halikuomba radhi. Lilipita upande wa kushoto, likatia gurudumu ndani, na maji mekundu yakapanda, yakasimama hewani, nikayaona, nikaona hata mfuko wa plastiki uliokuwa ndani yake. Kioo changu kilikuwa wazi. Hata mita 200 kutoka pale ubaoni sijafika. Niliposhuka kujifuta nilihesabu hatua, kwa hasira tu. Banange, hata ziwa linalindwa mita 200, mimi sikupata hata hizo!

Nimefika nyumbani, mkwe wangu akatoka kibarazani akalitazama gari, akanitazama mimi, akauliza kwa huruma kama woshingi bei ilikuwa imefungwa.

Na redio wameiharibu. Mnazijua hizi redio zilizokuja na gari kutoka Japani, masafa yake yanakoma kabla ya kufikia stesheni zetu nyingi, mpaka fundi akufungie kile kidude cha kuyashusha masafa ya stesheni hizo. Wamekigusa. Sasa inashika stesheni moja tu, mahubiri, usiku na mchana. Aliyebaki salama ni yule mwanamke wa Kijapani anayeongea nikiwasha gari. Mwaka wa saba huu, sijui anasemaje. Sauti yake ina heshima, kwa hiyo mimi humjibu marahaba. Sasa mkwe wangu anataka kujua ni nani.