Spika za pande zote si za kubandikwa ukutani

Kuna maneno mawili kwenye matangazo ya spika za pande zote, zile zinazorusha sauti kila upande, yanayonipandisha presha kila nikiyaona: "Weka popote." Popote! Basi mtu anazinunua, moja anaisukumia kwenye kona, nyingine anaibana kati ya kabati na kochi, na baada ya siku chache malalamiko yanaanza. Besi inavuma. Mwimbaji hajulikani kasimama wapi. Mbona zile za zamani zilikuwa safi? Juzi nimeletewa malalamiko hayohayo, pamoja na picha. Kwenye picha, juu ya spika iliyotengenezwa irushe sauti kuelekea darini, pamewekwa chombo cha maua. Cha kioo. Na maua yenyewe ya plastiki.

Tuyaache maua. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko hayo.

Spika ya kawaida ina uso. Sauti nyembamba zinatoka mbele, nawe umekaa mbele, mnatazamana, yameisha. Hii ya pande zote haina uso. Inayokufikia moja kwa moja ni sehemu ndogo tu ya sauti iliyotoka. Iliyobaki imekwenda kudunda ukutani, darini na kwenye kioo cha dirisha ndipo ikurudie, tena kwa kuchelewa. Ukinunua spika hizi umenunua na kuta zako. Sasa kama kuta ni nusu ya mtambo, inakuwaje mahali pa kuziweka pawe "popote"?

Piga hesabu, si ngumu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Spika ikiwa sentimita 30 kutoka ukutani, sauti ya nyuma inatembea sentimita 60 za ziada na kukufikia chini ya milisekunde 2 baada ya ile ya kwanza. Zikikutana, kuna mahali zinauana: karibu na hezi 286 (yaani mitetemo 286 kwa sekunde), katikati kabisa ya sauti ya binadamu, na panafuata mashimo mengine kuelekea juu. Ndiyo maana mwimbaji wako anasikika kama kafungwa kitambaa mdomoni. Ivute mpaka mita moja. Safari ya ziada sasa ni mita 2, kuchelewa karibu milisekunde 6. Shimo la kwanza limeshuka hadi karibu hezi 86, na yale ya juu yamebanana kiasi kwamba sikio linayapuuza. Tena ubongo unapata nafasi ya kuishika sauti iliyotangulia kuwa ndiyo inayoonyesha mwimbaji yuko wapi, halafu ile iliyochelewa unaihesabu kuwa ukubwa wa ukumbi. Mambo haya si uganga. Mtafiti wa sauti, Helmut Haas, aliyapima kwenye tasnifu yake ya mwaka 1949 huko Göttingen, Ujerumani.

Kwa hiyo mita moja kutoka ukuta wa nyuma, na takriban mita moja ubavuni kama unaweza, ila vipimo viwili hivyo visilingane kabisa, maana vikilingana mashimo yanaangukia mahali pamoja. Kulia na kushoto ndiko kunakotakiwa kufanana. Spika moja ikiwa na ukuta ubavuni na nyingine imeachiwa korido, mwimbaji atahamia upande wa ukuta na hutamrudisha katikati kwa rimoti.

Haya, nakubali, tena kwa shingo upande: zipo zilizoundwa zikiutegemea ukuta. Bose 901 ya mwaka 1968 ilikuwa na vipaza tisa, vinane vikitazama nyuma. Spika nyingi za Ohm Walsh zimepunguzwa makusudi sauti ya upande wa ukutani. Hizo fuata kitabu chake cha maelekezo. Lakini Radialstrahler ya kampuni ya Kijerumani ya MBL, inayomwaga sauti nyuzi 360 kweli? Usinibandikie ukutani, tafadhali.

Najua pia jibu la nyumbani: sebule ni ya watu kuishi, si ya spika kusimama katikati kama wageni wasiokaribishwa kukaa. Sawa. Gundisha vipande vya utepe sakafuni kuonyesha mahali pake, bandika kitambaa kinene chini ya spika ziteleze, zivute wakati wa kusikiliza, zirudishe ukimaliza. Ndoa itapona. Namna ya kupapata mahali penyewe: weka wimbo wenye sauti ya mtu mmoja na gitaa, sogeza sentimita kumi, sikiliza, sogeza tena, mpaka mwimbaji asimame katikati na besi iache kuvuma.

Usikimbilie sponji za kubandika ukutani ili zimeze sauti. Pazia jepesi linameza sauti nyembamba tu na kuiacha besi ilivyo, na hata sponji ya sentimita 5 iliyobandikwa ukutani inaanza kufanya kazi ya maana kwenye hezi 500 hivi kwenda juu. Ukikifunika chumba kizima umeua kilekile ulichokilipia. Zulia mbele, rafu ya vitabu vya unene tofauti nyuma, inatosha.

Ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, inaweza kupunguza besi iliyofura. Shimo haiwezi kulijaza, kwa sababu kila unachoongeza kinauawa na mwenzake anayerudi kutoka ukutani. Amplifaya iwe na nguvu, nyingi za spika hizi ni nzito kusukuma, na kila desibeli 3 za ziada zinadai wati mara mbili. Nyaya za dhahabu? Mnunulie mke wako.

Na kama chumba chenyewe kina upana wa mita mbili na nusu, hesabu imeshakukataa. Ukiacha mita moja kila upande, kati ya spika na spika inabaki nusu mita. Nunua za kawaida, zenye uso.