Kikokotoo cha hamira hakijui pakiti yako imepita wapi

Wenzetu wa Mbeya wanaopika bia ya shayiri nyumbani hukadiria hamira ya kianzio, yaani ile inayotiwa kuanzisha uchachushaji, kwa vikokotoo vya intaneti: unaingiza tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, nacho kinakutolea idadi ya seli kana kwamba kimezihesabu. Kwa hali yetu, mimi siziamini tarakimu hizo. Vingi vya vikokotoo hivyo vimejengwa juu ya dhana kwamba hamira ya maji imekaa kwenye jokofu tangu ilipotoka kiwandani, ikipoteza takriban asilimia 20 ya uhai wake kila mwezi. Lakini pakiti iliyoshinda kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, ikapita joto la Morogoro na Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, tarehe yake haitupi habari yoyote ya maana.

Kiasi kinachotakiwa hakina utata. Kwa eli, bia inayochachushwa kwenye joto la wastani, kanuni iliyozoeleka ni seli 750,000 kwa kila mililita kwa kila digrii ya Plato (kipimo cha utamu wa maji ya kimea kabla hayajachacha), hivyo lita 20 za maji hayo yenye digrii 12 zinahitaji seli bilioni 180. Laga, inayochachushwa kwenye baridi, huhitaji maradufu. Ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, hauna haja ya hesabu hii, kwa kuwa hujichachia wenyewe na kunywewa mapema, ilhali bia itakayokaa wiki kadhaa haipaswi kuwapa bakteria nafasi ya kutangulia.

Ndiyo maana napendekeza hadubini na chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba midogo ya kuhesabia seli, ile ile ambayo maabara za hospitali hutumia kuhesabia chembe za damu. Mraba wake wa kati una vyumba 25. Hesabu vitano, zidisha kwa 5, kisha kwa kiwango cha kuzimua, kisha kwa 10,000, upate idadi ya seli katika mililita moja. Ukizimua mashapo (hamira iliyotuama chini ya chombo) mara 200 na kukuta seli 100 katika vyumba hivyo vitano, una seli bilioni moja kwa mililita. Hesabu ndogo kama hiyo inaweza kukosea kwa asilimia 10 hivi, na hilo halinisumbui hata kidogo.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye tone la methilini bluu: seli hai huiondoa rangi hiyo, zilizokufa hubaki za buluu. Katika baridi ya Juni na Julai kianzio huweza kukaa kimya muda mrefu, na wengi humwaga hamira iliyozubaa tu wakidhani imekufa.

Asiye na hadubini aache mashapo yatuame kwenye chombo chenye alama za mililita, akadirie bilioni moja kwa mililita kwa mashapo mepesi na mbili kwa mazito. Kwa eli ile ya lita 20, hiyo ni kati ya mililita 90 na 180, na mimi ningeegemea upande wa 180.