Karatasi sita za chama kimoja, au kila kiti na mtu wake?

Uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027 ukitajwa mbele ya wapiga kura wawili tu, wanagawanyika. Mmoja anaapa kwamba karatasi zote sita atazitia alama ya chama kimoja, kuanzia rais, gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa kike hadi MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Mwenzake anajibu kwamba yeye hana chama, ana watu. Ubishi huu una miaka tangu uchaguzi wa 2013, wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, ulipotupa viti sita vya kujaza kwa siku moja.

Wa kwanza huchekwa bure, kana kwamba anafuata wimbi kwa kukosa akili. Hoja yake ni nzito. Gavana hatumii fedha za kaunti bila bajeti iliyopita katika bunge la kaunti, na MCA hao hao wakifika thuluthi mbili wanaweza kupitisha hoja ya kumbandua na kumpeleka Seneti. Waulize wa Meru. Mwaka 2022 Kawira Mwangaza alimshinda gavana aliyekuwa madarakani, Kiraitu Murungi, bila kubebwa na chama chochote. Mwaka huo huo, Desemba, MCA walikuwa wameshapiga kura kumwondoa. Seneti ikamwokoa. Wakarudi 2023, akaokolewa tena. Agosti 2024, mara ya tatu, Seneti ikawaunga mkono MCA, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa kuubatilisha uamuzi huo. Kama alikosea au alionewa, hilo waachiwe mawakili. Ninachokiona mimi ni hesabu: aliingia na kura za watu wengi, akakuta bunge ambamo hakuwa na kiranja wa kumkusanyia hata theluthi moja ya kumkinga.

Kuna jambo jingine ambalo wanaojiita wachagua watu hawalijui, au hawapendi kulisikia. Viti maalum vya bunge la kaunti hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi walivyoshinda. Ukimchagua MCA huru, umemchagua yeye peke yake. Ukimchagua wa chama, umekisogezea chama chake watu wengine ambao hukuwaona kwenye karatasi. Iwe ni vizuri au vibaya, ndivyo mashine ilivyoundwa.

Bungeni Nairobi mambo ni yale yale. Mswada wa Fedha ulipopitishwa tarehe 25 Juni 2024, kwa kura 195 dhidi ya 106, wabunge kwa sehemu kubwa walifuata mirengo yao. Mbunge mpole, asiyekosa mazishi, mwenye kugawa basari bila ubaguzi, alibonyeza kitufe pamoja na wenzake wa upande wake. Aliyempa kura kwa ajili ya basari aliletewa kodi, hadi rais alipokataa kuutia sahihi mswada huo baada ya vijana kujaza barabara.

Mpaka hapo, wa kwanza ameshinda. Lakini hoja yake imesimama juu ya dhana moja: kwamba chama ni kitu cha kudumu, chenye msimamo unaoweza kuutegemea kwa miaka mitano. Jirani zetu Tanzania wana haki ya kuamini hivyo zaidi yetu. CCM ipo tangu 1977 na haijawahi kutoka madarakani. Inapowaambia wafuasi wake wakamilishe mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani, walau jiko ni lile lile, na mgombea huru sheria haimruhusu. Kwetu hesabu ni hii: 2002 aliyeshinda urais alikuja na NARC, 2007 na PNU, 2013 na TNA, 2017 na Jubilee, 2022 na UDA. Chaguzi tano, vyama vitano. Anayesema “sisi ni wa chama” kwa kawaida ana maana kwamba yeye ni wa kigogo fulani, na kigogo akihama, chama kinahamia naye. Waliowachagua wabunge wa ODM 2022 ili waikabili serikali waliwaona viongozi wa chama hicho wakiingia katika baraza la mawaziri 2024, kisha Machi 2025 ODM na UDA wakatia sahihi mkataba wa kushirikiana. Hakuna aliyewauliza wapiga kura.

Halafu kuna neno linalonifanya nisiweze kuitetea karatasi sita kwa moyo mweupe: madoadoa. Jukwaani husemwa kana kwamba ni suala la rangi za chama tu, msituletee madoadoa. Katika sehemu za Bonde la Ufa neno hilo liliwahi kumaanisha majirani wa kabila jingine, na watu walifukuzwa makwao. Ndiyo sababu Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia katika orodha yake ya maneno ya chuki 2022. Mtu anaweza kutaka kaunti yote ivae rangi moja kwa nia njema kabisa ya bajeti. Lakini kwa kuwa vyama vyetu vina ngome, na ngome zina makabila, wito huo haufiki masikioni mwa walio wachache ukiwa na nia hiyo njema.

Wala mgombea huru si lazima aishie kama wa Meru. Laikipia, Ndiritu Muriithi alimshinda gavana wa Jubilee 2017 akiwa huru, tena wakati Jubilee ilikuwa imelishika eneo hilo barabara, akamaliza miaka yake mitano.

Mimi naona swali lenyewe limeulizwa kwa jumla mno. Mbunge na seneta kazi yao kubwa ni kupiga kura juu ya sheria na fedha, na huko mrengo ndio unaoamua. Mchague kwa chama, hata kama chama chenyewe ni cha msimu, mradi ujue kitapiga kura upande gani. MCA ni kinyume. Ndiye unayeweza kumjua kwa tabia na kwa madeni yake, na ndiye anayekaa karibu na barabara yako na zahanati yako. Ajabu ni kwamba huyo ndiye anayebebwa zaidi na wimbi. Mpiga kura ameshachoka, karatasi ya sita iko mkononi, anatafuta alama ile ile aliyoitia kwa rais. Gavana yuko katikati: mtu kwanza, lakini uliza ana MCA wangapi.

Na katika ngome, ambako tiketi ya chama karibu ni sawa na ushindi, uchaguzi wenyewe hufanyika kwenye mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kumteua mgombea, miezi kadhaa kabla ya Agosti. Anayetaka kuwa huru lazima awe amejitoa chamani miezi mitatu kabla ya kura; kwa tarehe 10 Agosti 2027, hiyo ni Mei. Wengi wanaobishana kwa nguvu kuhusu chama na mtu hawajawahi kukanyaga kituo cha mchujo.