Msiuze kiwanja kwa ajili ya jina la shahada

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo. Desemba dada yangu alinipigia simu huku Manchester, Uingereza, kutoka Nkuhungu, Dodoma, akiongea taratibu kama mtu aliyejifungia chumbani. Akamaliza habari za nyumbani, kwamba mvua imenyesha mara moja ikakata, mahindi ya mwanzo yamekauka, kisha akatoa lililomkera: "Kaka, huyu mpwa wako anataka kusomea nyota. Anasema huku hakuna, ipo huko kwenu. Shemeji yako ameanza kutafuta mteja wa kile kiwanja."

Mzee wetu aliyeko Chamwino alikuwa ameshapata habari. Aliuliza kama mjukuu anataka kuwa kama Sheikh Yahya, Mungu amrehemu, atutabirie uchaguzi. Nilicheka, lakini kosa si la mzee. Kiswahili chetu kinamwita mnajimu yule anayesoma nyota ya mtu na yule anayepima mwanga wa nyota, na ukisema "falaki", yaani sayansi ya nyota yenyewe, wengi wanadhani umebadilisha mada.

Naandika hapa kwa sababu si dada yangu peke yake. Tangu binti yangu aanze kuomba vyuo hapa Manchester, na yeye ni fizikia na astronomia hiyohiyo, nimepata maswali mengi ya wazazi wa Dodoma. Na mimi si mgeni kabisa wa jambo hili. Kabla ya kuhamia huku mwaka 2017 na kuwa dereva wa basi, nilifundisha fizikia shule ya kata wilayani Chamwino.

Tuanze na sifa za kuingia, maana hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Nyumbani, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inataka prinsipali mbili (ufaulu kamili wa somo kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayohusika na kozi. Kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1, hizo ni D mbili. Kwa shahada ya fizikia, somo la fizikia lazima liwemo. Huku Uingereza mtoto hufanya masomo matatu ya advansi, na kwa fizikia na astronomia karibu kila chuo kitataka fizikia na hisabati. Vyuo vinavyogombewa sana huomba A* mbili (alama ya juu kuliko A) na A moja, vingine hukubali B tatu. Asiyefikisha anaweza kupitia mwaka wa matayarisho halafu akaungana na wenzake. Binti yangu ameruhusiwa kuomba vyuo vitano, na vyote vitano vimeandika jambo lilelile: hisabati, fizikia, somo la tatu utajua mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichomuuliza kama amewahi kushika darubini.

Kwa hiyo ukitazama karatasi tu, mlango wa nyumbani ni mpana kuliko wa huku. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana wetu wanakosa nafasi chuoni. Wanaikosa mapema zaidi, kidato cha pili, pale mtoto wa miaka 15 anapoambiwa achague, naye anaikimbia fizikia kwenda masomo ya atsi kwa sababu kaka zake walipata F. Huku nako mlango hufungwa, mtoto akiacha hisabati akiwa na miaka 16 basi, ila anayeacha huwa ameshapewa maabara na mwalimu kwa miaka mitano. Wetu anaacha kitu ambacho hajakionja.

Nasema hivi nikijua. Nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kwenye shule ambayo vania kalipa, kifaa cha kupimia unene, tuliiona ikiwa imechorwa ubaoni kwa chaki, na mwalimu alichora vizuri sana, Mungu ambariki. Oskiloskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, niliishika mara ya kwanza chuoni, nina miaka 22, nikaogopa kuiwasha. Halafu nikawa mwalimu, nikafanya yaleyale. Enzi za Rais Kikwete wananchi walichangishwa maabara tatu kila shule ya kata. Kwetu kuta zilisimama, bati likaezekwa, vifaa vikaja kwa msimu kama mvua ya Dodoma. Na kuna jambo sijawahi kulisema hadharani: muhtasari wa kidato cha nne niliokuwa nafundisha ulikuwa na mada ya astronomia, sayari, makundi ya nyota, mwezi na kujaa kwa maji ya bahari, karibu na mwisho kabisa wa kitabu. Mtihani wa moku ukikaribia niliiruka. Kila mwaka. Niliwaambia wanafunzi "hiyo mtajisomea", chini ya anga ambalo kuanzia Juni hadi Oktoba halina hata wingu la kuombea mvua.

Mtaniuliza kama watoto hawa wawili waliambukizwa na nani basi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, pale Rujewa kule Mbarali likabaki pete, na kwetu Dodoma likamegwa. Mpwa wangu na binti yangu walikuwa wadogo, wakalitazama kwenye beseni la maji uani kwa bibi yao. (Msiige, beseni halikingi macho. Nilikuwa mwalimu wa fizikia na sikuwazuia, nilikuwa nagombania nafasi.) Mmoja sasa yuko kidato cha sita bweni, mwingine yuko hapa sebuleni anabishana na kompyuta.

Sasa kuhusu hilo jina la shahada. Nimepitia ratiba za kozi za binti yangu kama ninavyokagua basi kabla ya zamu. Shahada ya miaka mitatu England ni krediti 360, krediti moja ikihesabiwa saa kumi za kazi. Nyumbani TCU nayo inataka krediti zisizopungua 360, kwa saa kumi zilezile. Mwaka wa kwanza ni makanika, kalkulasi, umeme na sumaku, kuandika programu, na maabara. Wa pili ni thamodainamiki, milinganyo ya Maxwell, fizikia ya kwanta. Nyota na galaksi zinapata vipindi vyao, lakini mwili wa kozi ni fizikia na damu yake ni hisabati. Binti alipokwenda kutembelea chuo kimoja, mhadhiri aliwaambia wazazi wazi kwamba aliyekuja kwa ajili ya picha nzuri za anga atateseka.

Tena siku moja nilimpeleka Jodrell Bank, kituo cha darubini kusini ya hapa. Kuna sinia la chuma la mita 76 upana wake, limesimama tangu 1957. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, nikamwambia safari yetu imeharibika. Akaniangalia kama abiria anayemwona dereva amepotea njia: "Baba, inapokea mawimbi ya redio. Mawingu haiyajali." Waingereza hawana anga, wakajenga sikio. Palepale ndipo makao makuu ya SKA, mradi wa darubini za redio zinazojengwa Afrika Kusini na Australia. Kwenye orodha ya nchi washirika za Afrika nikaona Kenya, Zambia na Msumbiji, majirani zetu watatu. Sisi hatumo. Nilikunywa chai yao kimyakimya.

Nikamjibu dada hivi. Mwanao akija huku kama mgeni, vyuo vikubwa vitamtoza zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kabla hajala wala kulala. Kiwanja cha Nkuhungu hakimalizi hata mwaka wa kwanza. Akipata fizikia na hisabati vizuri mwezi Mei, aombe shahada ya fizikia UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ipo, na kutoka nyumbani ni safari ya daladala. Bodi ya Mikopo ipo, na wanaofaulu sayansi kwa kiwango cha juu sana wana ufadhili wa Samia Scholarship. Akimaliza na hisabati yake ikiwa hai, Cape Town wana programu ya NASSP, inayopokea wenye shahada ya fizikia na kuwafundisha astrofizikia hadi uzamili. Huko hawataki neno "astronomia" kwenye cheti, wanatazama alama za kwanta na umemesumaku.

Najua ninavyosikika: mtu aliyeko Ulaya akimwambia wa nyumbani abaki. Binti yangu atasoma kwa ada ya wenyeji, ambayo mwaka wa masomo wa 2025/26 ilikuwa pauni 9,535, kwa mkopo atakaoulipa asilimia 9 ya kinachozidi pauni 25,000 za mshahara wake kwa mwaka. Mpwa wangu akikopa Bodi atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hakuna usawa hapo na sitaki kuupaka rangi. Lakini ningekuwa na pauni 30,000 za ziada, kwa kweli nisingempa chuo cha huku. Ningenunua oskiloskopu sita nikazipeleka Chamwino, nikamlipa mtu asiruke ile mada.

Shemeji amekaa kimya, ila dada anasema mteja wa kiwanja amerudi mara mbili. Mpwa mwenyewe aliniandikia siku moja kabla ya kurudi bweni, kwa simu ya mama yake: "Shikamoo mjomba. Nimekuelewa. Ila intigresheni kwa sehemu bado inanisumbua, una mfano?" Nilimwandikia kwenye karatasi mifano minne, nikaipiga picha, nikaituma usiku baada ya zamu. Tiki mbili za buluu hazijatokea hadi leo. Dada anasema picha zimegoma kufunguka, bando limeisha.